Miezi ya Katikati

Ugali ndio unaotangulia kukataa. Baba wa miaka 34 anamega tonge, anachovya mchuzi, anameza, na tonge linamsimama kifuani. Anashushia maji. Baada ya wiki kadhaa nyama nayo inasimama, kisha wali, na mkewe anaanza kumpikia uji wa peke yake. Watu wanasema ni vidonda vya tumbo, na dawa ya vidonda vya tumbo iko dukani, basi inanunuliwa. Siku anapopelekwa hospitali na kuingizwa kamera kooni, anaishi kwa maziwa na chai, suruali ameifunga kwa kamba, na daktari anamwambia kwamba saratani imeenea kiasi ambacho upasuaji hauwezi tena kuiondoa. Nyumbani ana watoto watatu, ekari moja ya chai, kipande cha mahindi na ng'ombe wawili wa maziwa.

Baba huyo ni mfano niliouunda, lakini wauguzi wa nyanda za juu za Kenya wanamjua. Upo ukanda unaoanzia Ethiopia na kufuata Bonde la Ufa kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huonekana kwa wingi usio wa kawaida. Katika hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, madaktari wamekuwa wakipokea wagonjwa ambao hawajafikisha hata miaka 30, umri ambao kwingineko duniani ugonjwa huu hausikiki sana. Chanzo kimoja hakijapatikana. Pombe na tumbaku vimo, moshi wa jikoni unachunguzwa, na hata mursik, maziwa yanayogandishwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa, yamepelekwa maabara. Chai nayo inashukiwa. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, na watafiti waliopima chai ya wakazi wa Kilimanjaro wakati wa kuinywa walikuta wastani umepita nyuzi 70. Iache chai yako ipoe kidogo kabla ya kuigusa. Onyo hilo ni la kweli, ila kwa baba wa mfano wetu limechelewa, na leo nataka kuzungumza juu yake na watu wake.

Mkewe atajiuliza kwa miaka kwa nini hakumlazimisha aende hospitali mapema. Maumbile ya mwili yana jibu la kumpa. Umio ni mrija wa misuli unaotanuka. Kwa kawaida mtu hahisi chakula kigumu kikikwama mpaka nafasi ya ndani ibanwe hadi kama milimita 13, na kufikia hapo uvimbe umeshakua kimyakimya kwa muda mrefu. Isitoshe, umio hauna ule utando wa nje unaofunika tumbo na sehemu kubwa ya utumbo, na mishipa yake ya limfu hupanda na kushuka kifuani, hivyo seli za saratani hupata njia mapema. Dalili ya kwanza mara nyingi ni dalili ya ugonjwa uliokwisha kusafiri. Mama huyo hakuzembea. Anastahili kuambiwa hivyo na daktari, kwa sauti, mbele ya wakwe zake.

Baadaye huja maneno ambayo familia nyingi huyakumbuka maisha yote: mpelekeni nyumbani, hakuna la kufanya zaidi. Nayachukia maneno hayo, kwa sababu si kweli.

Sisi ni watu wa kuchangiana. Mtu akiugua tunaitisha harambee apelekwe Nairobi au India. Akifa, tunaleta turubai, sufuria, sukari na gari la kubebea mwili. Kati ya michango hiyo miwili kuna miezi, pengine hata mwaka, ambayo haina kamati wala daftari la ahadi. Mgonjwa hajapona na hajafa. Mahindi yanataka palizi, chai inataka kuchumwa, ng'ombe anataka kukamuliwa alfajiri na jioni, na yule aliyekuwa akifanya nusu ya kazi hizo yuko kitandani, huku aliyebaki anamuuguza. Sayansi ya tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa hata pale ugonjwa usipopona, imejengwa kwa ajili ya miezi hiyo.

Kwanza, chakula. Umio uliozibwa unaweza kufunguliwa bila kumpasua mtu. Stenti ni wavu wa chuma uliobanwa ukawa mwembamba. Hupitishwa mdomoni hadi penye uvimbe, kisha huachiliwa ujitanue wenyewe na kuusukuma uvimbe pembeni. Mwaka 2009 madaktari wa Tenwek walichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 500 waliowekewa stenti pasipo matibabu mengine. Haiponyi saratani. Lakini mtu aliyekuwa akitema mate yake kwenye kopo huweza tena kula meza moja na wanawe: matonge madogo, kutafuna sana, funda la maji kila baada ya kumeza, kukaa wima baada ya kula. Kama stenti imevuka mlango wa tumbo, kichwa kiinuliwe kwa mito usiku, kwa kuwa tindikali hupanda.

Pili, maumivu, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa maana hakuna dawa iliyosingiziwa kama mofini. Watu hudhani ikianza kutolewa ni dalili kwamba mgonjwa anamalizwa, au kwamba atakuwa mlevi wa dawa. Mofini hushika vipokezi vilivyoko kwenye ubongo na uti wa mgongo na kupunguza ujumbe wa maumivu unaopita hapo. Nguvu yake hukaa kama saa nne, ndiyo maana hutolewa kila baada ya saa nne kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi, na dozi ya kulala huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku. Ikianzwa kidogo na kupandishwa polepole na mtu aliyefunzwa, haimkatishi pumzi. Vipokezi hivyohivyo vimo pia kwenye utumbo, na mofini hupunguza mwendo wake, kwa hiyo anayeandikiwa mofini bila dawa ya kulainisha choo ameandikiwa nusu. Nchini Uganda, familia zilizoishi mbali na duka la dawa zilifundishwa kutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa.

Kwa mgonjwa wa umio jambo kubwa ni kwamba mofini hii hunyweka. Kidonge kingekwama palepale ulipokwama ugali. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, na kazi yake ilijengwa juu ya chupa rahisi: unga wa mofini, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa, ile nyepesi kabisa ikiwa ya kijani. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni, wauguzi waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Tafakari maana yake kijijini. Daktari yuko mbali, na nauli ya kumfikia ni bei ya mfuko wa mbolea. Muuguzi yuko karibu na njia anaijua.

Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na ni kama asilimia 14 tu wanaoipata.

Daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa hayakai mwilini peke yake. Muuguzi mzuri akiuliza, "Baba, unaumwa wapi?" anaweza kujibiwa kwamba ni ada ya mtoto wa kwanza, na jibu hilo aliandike kwenye faili kama anavyoandika joto la mwili.

Maana shamba nalo huugua. Familia inayotafuta uponyaji usiokuwepo huanza kwa kuuza mbuzi, ikaja kwa ng'ombe wa kwanza, kisha wa pili, halafu kipande cha ardhi kando ya mto. Anayeuza ng'ombe mwenye maziwa ameuza mafuta ya taa, sabuni na madaftari ya miaka ijayo. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa saratani iliyokomaa huko Blantyre, Malawi, walikuta kwamba kaya zilizopata tiba shufaa zililazimika mara chache zaidi kula akiba na kuuza mali kuliko zile ambazo hazikuipata. Mtu akiambiwa ukweli mapema, maumivu yakiwa yametulia, haongozwi na hofu kutoka kliniki moja hadi nyingine. Hata maisha yenyewe si lazima yafupike. Jijini Boston, katika utafiti wa mwaka 2010 wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu, waliopewa tiba shufaa tangu mwanzo waliishi wastani wa miezi 11.6, na wenzao miezi 8.9.

Huko Kerala, India, majirani wa kawaida wamefunzwa kutembelea wagonjwa, na pamoja na kusafisha vidonda hupeleka mchele na kuwasaidia watoto wabaki shuleni. Sisi hatuhitaji kuagiza moyo huo kutoka ng'ambo. Upareni, nchini Tanzania, wanao msaragambo, na kila kabila la wakulima lina jina lake la kazi ya pamoja. Kinachokosekana ni kuipangia ratiba kwa ajili ya mgonjwa aliye hai: nani anakamua Jumatatu, nani anachuma chai wiki hii, nani analala na mgonjwa Ijumaa ili mama apate usingizi wa usiku mmoja.

Watoto ndio tunaowasahau kabisa. IARC ilikadiria kuwa mwaka 2020 pekee watoto zaidi ya milioni moja duniani walifiwa na mama kwa saratani, na zaidi ya theluthi moja yao ni wa Afrika. Nyumbani huambiwa baba amechoka, baba ana malaria. Wao huona. Mtoto wa miaka minne hajaelewa kwamba kufa hakuna kurudi, ila anahisi kuna kitu anafichwa. Mwenye miaka minane anaelewa, na asipoambiwa chanzo hujitafutia chake: labda ni siku ile nilipokataa kuchota maji. Aambiwe kwa maneno mafupi kwamba ugonjwa unaitwa saratani, kwamba hauambukizi kwa kula sahani moja, kwamba hakuna aliyeuleta kwa ukaidi, na nani atamlea. Wanawake wa Uganda walioishi na virusi vya Ukimwi waliwaachia wanao vitabu vya kumbukumbu, daftari la kawaida lenye majina ya mababu, picha, na hadithi ya siku mtoto alipozaliwa. Mkulima anaweza kuongeza mipaka ya shamba, mti wa nani uko wapi, na mbegu ipi hustahimili udongo wa mteremko ule.

Karatasi nazo zishughulikiwe mkono ukiwa bado unaweza kutia sahihi. Hati ya shamba, namba ya mkulima wa chai ambayo bonasi hulipwa kwayo, akaunti ya SACCO, jina la mrithi katika chama. Mjane anayeanza kuzitafuta baada ya mazishi huzipata mikononi mwa watu wengine, au mahakamani.

Kwenye nyanda za juu za Kenya mvua za masika hushika kuanzia Machi. Kama karibu nawe kuna nyumba ya namna hii, usingoje kuitwa matangani. Nenda na jembe, na kabla ya kuondoka mwambie mama wa nyumba hiyo utarudi siku gani.