Mrejesho wa Mtumiaji Kabla ya Kwisha kwa Kipindi cha Kujaribia: Programu za Kusanifu Majaribio katika Utafiti wa Kiswahili

Ikisiri
Makala haya yanafafanua kwa nini watafiti wa Kiswahili wanaopima programu za kusanifu majaribio ya lugha hawana budi kupeleka mrejesho kwa waundaji wake kabla leseni ya muda haijakwisha. Mifano imetolewa katika tahajia, mofolojia na ugawaji wa washiriki, pamoja na uzoefu wa mwandishi.

1.0 Utangulizi
Neno jaribio linabeba mizigo miwili katika mada hii. Twalitumia kwa utafiti unaodhibiti vigeu, na twalitumia pia kwa zile siku chache ambazo muuzaji humruhusu mtu kutumia programu bila malipo. Ili kuepuka utata, hapa la kwanza litaitwa jaribio, na la pili kipindi cha kujaribia. Kipindi hicho aghalabu huwa cha siku 14 au 30. Kibali cha maadili ya utafiti, kwa upande wake, huweza kuchukua miezi. Mtafiti anayeifungua programu siku anayoanza kuandika andiko lake la utafiti atajikuta kipindi kimekwisha kabla mshiriki wa kwanza hajaketi mbele ya kompyuta.

2.0 Mahali Kiswahili kinapokwama
Programu nyingi za aina hii ziliundwa na kupimwa kwa lugha za Ulaya, hususan Kiingereza. Kasoro zinazojitokeza katika Kiswahili hazimfikii mwundaji mpaka mtumiaji wa Kiswahili aziseme.

Tuanze na tahajia. Ritifaa katika ng' ni sehemu ya herufi, lakini alama hiyohiyo hutumiwa na lugha kadhaa za kompyuta kuonyesha mwanzo na mwisho wa matini. Isitoshe, kuna ritifaa iliyonyooka na iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Katika jaribio la uamuzi wa kileksika, ambamo mshiriki huamua kama mfuatano wa herufi ni neno au si neno, ng'oa ikipoteza ritifaa huwa ngoa, ambalo nalo ni neno halali lenye maana nyingine. Muda wa mwitikio utarekodiwa vizuri kabisa, ila kwa neno ambalo mtafiti hakulikusudia. Kosa la namna hii ni baya kuliko programu kuzima ghafla, kwa kuwa halipigi kelele.

Mofolojia nayo ina lake. Hawakutusaidia ni neno moja la herufi 14 lenye maana ya sentensi nzima. Zana ya kulinganisha vichocheo inayohesabu herufi peke yake italiweka kundi moja na nomino ndefu isiyo na viambishi vingi, na hapo kigeu kinachodaiwa kudhibitiwa kitakuwa hakijadhibitiwa. Neno refu likivunjwa na kuendelezwa mstari wa pili kwenye skrini, muda wa kulisoma hubadilika pia.

Suala la tatu ni ugawaji. Mraba wa Kilatini, ambao R. A. Fisher aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu usanifu wa majaribio, huwezesha kila kichocheo kutokea katika kila hali bila mshiriki mmoja kukiona mara mbili. Kwa vichocheo 48 na hali 4, huhitajika orodha 4, kila moja ikiwa na vichocheo 12 kwa kila hali. Baadhi ya programu hugawa orodha kwa zamu ya kuingia. Umeme ukikatika na mshiriki akaondoka, orodha yake huhesabiwa kuwa imetumika na mizania huharibika.

3.0 Mrejesho uliochelewa
Mwandishi wa makala haya alipata kujaribia programu moja kwa siku 30. Siku 20 za mwanzo zilipita katika kujifunza menyu na kuvutiwa na michoro yake. Taasisi ikanunua leseni ya mwaka. Tatizo la ritifaa lilibainika baadaye, data ya awali ilipokuwa ikichambuliwa. Waundaji walijibu kwa adabu kwamba marekebisho yangeingizwa katika toleo lijalo, ambalo leseni yetu haikulihusu. Data ile ilitupwa. Lawama kubwa ni yetu: tulikuwa na sauti wakati muuzaji alikuwa bado anatushawishi, nasi tukanyamaza.

4.0 Namna ya kuwahi
Saa ya kipindi cha kujaribia huanza kuhesabu programu inapowashwa, hivyo maandalizi yote yatangulie: orodha fupi ya maneno yenye ng', vitenzi virefu, silabi zenye mb na nd, na maneno bandia. Siku ya kwanza orodha hiyo iingizwe, iendeshwe hadi mwisho, kisha faili la matokeo lilinganishwe na orodha ya awali herufi kwa herufi. Kazi hii haihitaji washiriki. Mtafiti mwenyewe anatosha.

Mrejesho wenyewe utaje toleo la programu na la mfumo wa kompyuta, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa na kilichotokea, na uambatishe faili dogo linalozalisha kosa. Sentensi kama “programu haifai kwa Kiswahili” haimpi mwundaji pa kushika. Upelekwe katikati ya kipindi, ili jibu lipatikane muda ukiwapo wa kulipima, na maombi ya kuongezewa siku yaandamane nao. Miundo na data vihamishwe katika faili za matini ya kawaida mapema, maana baadhi ya programu hazifungui kazi ya mtumiaji leseni ikiisha.

Programu huria kama PsychoPy, iliyoanzishwa na Jonathan Peirce, na OpenSesame ya Sebastiaan Mathôt hazina kipindi kinachokwisha. Hata hivyo zina matoleo yanayofuatana, na kasoro isiyoripotiwa huhamia toleo linalofuata.

Kwa washauri wa sera, pendekezo ni la kiutawala: kamati ya ununuzi isiidhinishe malipo ya leseni kabla ya kuona nakala ya mrejesho uliopelekwa na majibu yaliyopokelewa.