Viazi Ulaya Katika Milima ya Uluguru

Bigwa, iliyo chini ya Milima ya Uluguru kando ya mji wa Morogoro, iko kwenye mwinuko wa meta 500 na ushei. Miembe na migomba hustawi hapo. Lakini mkulima akipanda viazi ulaya, aghalabu huvuna majani: mashina hurefuka, majani hushamiri, na chini hupatikana viazi vichache mithili ya gololi.

Kiazi ulaya ni shina lililovimba ardhini, yaani ghala la wanga. Mchana majani hutengeneza sukari kwa nguvu za jua. Usiku mmea hupumua na kuitumia sehemu ya sukari hiyo. Usiku ukiwa wa joto, matumizi huzidi na akiba hupungua. Zaidi ya hayo, joto hudhoofisha ishara za kikemia zinazotoka majanini kuuamuru mmea uanze kuweka viazi. Udongo wenye nyuzi 15 hadi 20 za sentigredi ndio ufaao.

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila meta 100 za kupanda mlima. Wastani wa joto mjini Morogoro ni karibu nyuzi 25. Mwanafunzi na akokotoe: huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, yako mashamba kwenye meta 1,600. Tofauti ya meta 1,100 huondoa nyuzi 6.6, zikabaki 18 hivi. Ndiyo maana Mgeta huzaa viazi, kabeji na njegere.

Hata hivyo, jina "viazi ulaya" hupotosha. Asili ya zao hili ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, nchi ya tropiki yenye baridi ya mwinuko na siku za saa 12 hivi. Lilipofikishwa Ulaya katika karne ya 16, siku ndefu za kiangazi zililichelewesha kuweka viazi, hata zikapatikana aina zilizozoea. Uluguru, ambako tofauti ya siku ndefu na fupi haifiki saa moja, inafanana na kwao kuliko Ulaya ifananavyo. Ngano ya majira ya baridi ni kinyume: bila majuma kadhaa ya baridi kali haitoi masuke, na baridi ya namna hiyo haipatikani kwetu. Ngano ya Hanang ni ya aina isiyoihitaji.

Shida ya Uluguru, basi, ni mteremko kuliko hali ya hewa. Kiazi hutaka udongo uliotifuliwa, nao udongo wa namna hiyo huchukuliwa upesi na maji. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya milimeta 100 hivi ilinyesha Mgeta kwa muda usiotimia saa tatu, ikaleta maporomoko madogo zaidi ya 1,000. Karibu yote yalitokea mashambani na penye nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Tope la namna hiyo huishia katika mto Ruvu, unaowapatia maji wakazi wa Dar es Salaam.

Serikali ya kikoloni ilijaribu dawa yake mapema miaka ya 1950, ikawalazimisha Waluguru kuchimba ngazi pana milimani. Udongo wa juu, ambao ni mwembamba, ulifukiwa, na ule wa chini usio na rutuba ukabaki juani; mahindi yakadhoofu. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi za polisi, na mpango ukaachwa. Ilhali Mgeta ngazi nyingi zilidumu bila amri ya mtu, maana huko mboga na viazi viliwekewa samadi na kumwagiliwa maji ya mifereji, na bei ya mazao ikalipa jasho la kuzitunza kuta zake.