Kwa Nini Kiingereza Hakisomwi Kama Kinavyoandikwa

Mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili ana bahati ambayo mara nyingi haioni. Akishajua silabi, anaweza kusoma kwa sauti hata neno asilolijua maana. Mtoto wa darasa la pili akikutana na neno "ukuhani" atalisoma sawasawa, ingawa bado hajafundishwa ukuhani ni nini. Bahati hiyo inakoma siku anapofungua kitabu cha Kiingereza.

Tuchukue herufi nne tu: o, u, g, h. "Though", yaani ingawa, husomwa "dhou". "Through", yaani kupitia, husomwa "thruu". "Cough", kikohozi, ni "kof". "Rough", kitu kinachokwaruza, ni "raf". "Bough", tawi la mti, ni "bau". "Thought", wazo, ni "thoot". Herufi ni zilezile, sauti ni sita.

Kwa mseminari jambo hili si la kuchekesha tu. Vitabu vingi vya falsafa na teolojia tunavyosoma vimeandikwa kwa Kiingereza. Anayeogopa kukosea matamshi huacha kuuliza swali darasani, hukwepa zamu ya kusoma somo katika Misa ya Kiingereza, na polepole huanza kuamini kwamba akili yake ni nzito. Ni vizuri ajue ugumu huo umetoka wapi.

Sauti zilihama, herufi zikabaki

Hapo kale Waingereza nao waliandika karibu sawa na walivyotamka. Katika neno "knight", askari mpanda farasi, k ya mwanzo ilisikika, na gh ilikuwa sauti ya kooni inayokaribiana na kh ya Kiarabu. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na waandishi waliozoea Kifaransa wakaleta desturi zao. Neno "cwen", malkia, likawa "queen".

Mwaka 1476 William Caxton alianzisha uchapaji wa vitabu huko Westminster. Vitabu vilipoenea, tahajia ilianza kuganda. Lakini matamshi yalikuwa bado safarini. Kuanzia miaka ya 1400 hivi hadi 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama kutoka mahali pake. "Name", jina, lililokuwa likitamkwa karibu na "naame", leo ni "neim". "Time", wakati, lilikuwa "tiime", leo ni "taim". Kinachosomwa leo ni maandishi ya sauti za mababu.

Kisha wasomi wakaongeza mambo yao. Neno "debt", deni, lilitoka katika Kifaransa na liliandikwa "dette", bila b. Wapenzi wa Kilatini wakataka ionekane kwamba shina lake ni "debitum", wakachomeka b ambayo Waingereza hawakuwa wakiitamka. Wanaosali Baba Yetu kwa Kilatini wanalijua neno hilo katika wingi wake, "debita". "Doubt", shaka, lilipata b yake kwa njia hiyohiyo, kutokana na "dubitare". Katika "island", kisiwa, walitia s wakidhani neno limetokana na "insula", kumbe ni neno la Kiingereza cha asili.

Kiswahili hakikupita njia hiyo ndefu. Tahajia yake ya herufi za Kilatini ni changa, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa na kazi ya kuisanifisha. Na hata sisi tuna mahali pa kujikwaa: wangapi huandika "ngombe" badala ya "ng'ombe"?

Maneno ya kanisani

Msomaji wa masomo hukutana na mitego mingi. "Psalm", zaburi, husomwa "saam". P haisikiki, wala l. Katika "hymn", utenzi wa kanisani, n iko kimya. Katika "apostle", mtume, t iko kimya. "Job" likiwa kazi husomwa "job", lakini kitabu cha Ayubu husomwa "Joub". "Read" husomwa "riid" kwa wakati uliopo na "red" kwa wakati uliopita, bila herufi hata moja kubadilika.

Pengine Kiswahili hutusaidia. "Choir" zamani liliandikwa "quire", kisha likaandikwa upya ili lifanane na Kilatini "chorus", ila matamshi yakabaki yaleyale. Sisi tulilipokea kwa sikio, tukaandika kwaya. Ndivyo ilivyo pia kwa "colonel", cheo cha jeshi: Mwingereza hatamki l ile ya kwanza, na neno letu kanali liko karibu na sauti yake kuliko tahajia yake mwenyewe.

Wenyewe pia huhangaika

Huko Marekani, tangu mwaka 1925, kuna shindano la kitaifa ambapo watoto hutajiwa neno nao hutaja herufi zake. Kwa Kiswahili shindano hilo lisingekuwa na ugumu mkubwa. "Schedule", ratiba, Waingereza wengi husema "shedyuul", Mmarekani husema "skejuul". Mgeni akisoma kibao cha mji wa Leicester herufi kwa herufi atakosea, kwa kuwa wenyeji husema "Lesta".

Majaribio ya kurekebisha yalikuwapo. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza maneno 300 yaandikwe kwa tahajia nyepesi katika machapisho ya serikali, Bunge likapinga. Mwandishi George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha wosia wa fedha za kutengeneza alfabeti mpya ya Kiingereza. Ilitengenezwa, lakini haikushika.

Hata hivyo, tahajia hiyo ina faida yake. G ya "sign", ishara, haisikiki, lakini inasikika katika "signature", saini. Anayejua Kilatini huona "signum" mara moja. Herufi isiyosikika mdomoni huonyesha ukoo wa neno.

Tufanye nini?

Kwanza, jifunze kila neno jipya kwa jicho na kwa sikio pamoja. Kamusi nzuri huonyesha matamshi, na nyingi za mtandaoni hulitamka neno.

Pili, angalia mkazo. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tabia hiyo hutufuata. "Desert" lenye mkazo mwanzoni ni jangwa. Lenye mkazo mwishoni ni kutoroka au kutelekeza.

Tatu, ukipewa somo la kusoma kanisani, lipitie mapema kwa sauti, na maneno ya mashaka umwulize anayejua. Asiyeuliza hana ajifunzalo.

Nne, na hili ni letu sote darasani, bwenini na parokiani: tusimcheke anayekosea. Mara nyingi anayetamka vibaya neno gumu ni yule aliyelikuta kitabuni akiwa peke yake, akalielewa, akathubutu kulitumia. Kosa lake linaonyesha kwamba amesoma. Msahihishe kwa upole mkiwa wawili, naye kesho atanyoosha mkono tena.