Je, Wajua? Mchanga Ndio Unaolimaliza Zulia

Je, wajua kuwa zulia la sebuleni huchakazwa zaidi na mchanga kuliko uzito wa miguu? Chembe za mchanga ni ngumu na zina kingo kali. Zikizama hadi kwenye mashina ya nyuzi, kila hatua huzisugua na nyuzi hukatika kidogo kidogo. Tazama njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kochi: hapo ndipo manyoya hulala na rangi kufifia kwanza. Wapo wasemao kulikung'uta mara kwa mara ndiko kunakolichosha. Fagio gumu, kweli, huvuta nyuzi. Lakini zulia jepesi likitundikwa kambani na kupigwa upande wa nyuma, mchanga hudondoka wenyewe. Kuliosha kabla ya hapo ni kosa, maana vumbi hugeuka tope, na sabuni isiyosuuzwa vizuri hubaki ikinata na kunasa uchafu mpya.