Kufundisha Mipaka kwa Watoto Waishio Mpakani

Ni jambo la kawaida kumsikia mwanafunzi wa shule ya msingi akizitaja bila kusita nchi nane zinazopakana na Tanzania: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Lakini mwulize swali la pili: ni mikoa ipi yetu inayopakana na Burundi? Wengi hutaja Kigoma na kunyamaza, Kagera husahauliwa. Mwulize na la tatu: mpaka huo ulitokana na nini, nao unatenganisha nini? Hapo huenda hata mwalimu akababaika. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mtarajiwa, hasa yule atakayepangiwa kufundisha Kasulu au Kibondo, aandae somo litakalojibu maswali yote matatu.

Hatua ya kwanza ni kueleza maana ya kupakana. Maeneo mawili hupakana yanapogusana. Kuwa karibu hakutoshi. Chora uwanjani, kwa majivu au chokaa, umbo la Tanzania na mikoa yake, na nje yake nchi jirani. Mpe kila mtoto kadi yenye jina la mkoa au la nchi, asimame mahali pake. Mwenye kadi ya Tabora ataona kwamba anagusana na Kigoma, wala hagusani na nchi yoyote ya kigeni. Mwenye kadi ya Kagera atagusana na nchi tatu: Uganda, Rwanda na Burundi. Mwenye kadi ya Kigoma atagusana na Burundi kwa nchi kavu, na Kongo katikati ya Ziwa Tanganyika. Kwa zoezi hili watoto watagundua wenyewe kwamba Burundi inapakana na mikoa miwili tu ya Tanzania.

Kisha teremka kutoka mkoa hadi wilaya. Katika Mkoa wa Kigoma, wilaya zinazogusa Burundi ni Kakonko, Kibondo, Kasulu, Buhigwe na Kigoma. Kwa upande wa Kagera ni Ngara. Hapa mwalimu ajihadhari na ramani ya zamani iliyotundikwa ukutani. Wilaya za Kakonko na Buhigwe zilianzishwa mwaka 2012, ya kwanza ikimegwa kutoka Kibondo na ya pili kutoka Kasulu. Kwa hiyo ramani iliyochapwa kabla ya mwaka huo huonyesha Manyovu ikiwa Kasulu, ilhali sasa iko Buhigwe. Usiitupe ramani hiyo. Itundike kando ya ile mpya, uwaulize wanafunzi ni mistari ipi iliyobadilika na ipi iliyobaki. Wataona kuwa mipaka ya wilaya ilibadilishwa na serikali yetu yenyewe, lakini mpaka wa nchi ulibaki palepale, kwa kuwa huo hauwezi kubadilishwa na serikali moja peke yake.

Hatua ya pili ni kuonyesha alama za mpaka. Watoto wengi hudhani kuwa mpaka ni mto. Mto Malagarasi ni mfano mzuri wa kusahihisha dhana hiyo. Kwa sehemu ya safari yake mto huu ndio mpaka kati ya Tanzania na Burundi. Halafu huuacha mpaka, huingia ndani ya nchi yetu, huzunguka kupitia maeneo ya mabwawa, na mwisho humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Mto ni uleule, lakini si mpaka kila mahali. Palipokosekana mto, mpaka hufuata mstari uliokubaliwa na kuonyeshwa kwa nguzo.

Hatua ya tatu ni historia, nayo ndiyo inayoachwa mara nyingi. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Buha, Urundi na Ruanda zote zilikuwa sehemu za koloni moja. Mstari uliokuwapo kati ya Buha na Urundi ulikuwa wa ndani ya koloni, kama ulivyo leo mpaka wa mkoa na mkoa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliingia kutoka Kongo na kuiteka Kigoma. Mwaka 1919 Milner, kwa niaba ya Uingereza, na Orts, kwa niaba ya Ubelgiji, walikubaliana kwamba Ruanda na Urundi zibaki kwa Wabelgiji na sehemu kubwa iliyosalia ichukuliwe na Waingereza. Wabelgiji waliondoka Kigoma mwaka 1921. Hivyo mpaka wa ndani ukawa mpaka wa mataifa. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na Burundi mwaka 1962, na mwaka 1964, huko Cairo, nchi huru za Afrika ziliazimia kuiheshimu mipaka waliyoirithi.

Mwanafunzi akiyaelewa hayo, ataelewa pia kwa nini Waha na Warundi husikilizana lugha. Mpaka ulitenganisha mamlaka: sheria, fedha, bendera na uraia. Haukutenganisha lugha wala undugu. Ndiyo maana watu wa pande mbili hukutana katika masoko ya ujirani mwema.

Jambo hili lina uzito mkubwa darasani. Katika miaka ya 1972, 1993 na 2015 watu wengi walivuka kutoka Burundi wakitafuta usalama, na nyanda za juu za Kigoma zikawapokea. Kutokana na hayo, neno “Mrundi” huweza kutumiwa na watoto kama tusi, na anayetupiwa huenda akawa Mtanzania ambaye kosa lake ni lafudhi tu. Mwalimu asiwaulize wanafunzi hadharani kwao ni wapi, wala asiwatumie kama mifano ya somo. Swali la uraia wa mtu lina vyombo vyake vya kisheria. Darasa si mojawapo. Tusi likisikika, somo lisimame, na mwalimu aeleze tena mpaka unatenganisha nini.

Mwisho, pima uelewa kwa maswali yasiyojibika kwa kukariri. Kwa mfano: Je, Wilaya ya Kibondo inapakana na Kongo? Kwa nini Mkoa wa Kigoma unapakana nayo? Taja kitu kimoja kinachobadilika mtu akivuka kutoka Kibondo kwenda Burundi, na kimoja kisichobadilika. Mwanafunzi atakayeweza kulijibu swali hili la mwisho kwa maneno yake mwenyewe atakuwa ameelewa mpaka, wala hakuukariri tu.