Ukiona Damu, Rudi Hapo na Mswaki

Wasee, breisi zimejaa hii Kanairo. Panda nganya yoyote ya Rongai ama Umo na utacheki manzi wa kampasi amezipiga na raba za pinki, na msee wa ofisi ameweka zile za rangi ya jino ndio zisionekane mbali. Na doh yake si mchezo. Kwa kliniki ya kibinafsi unaongea laki na zaidi, mathe na mbuyu wanalipa mdogo mdogo hadi waya zitoke. Me napenda vile mayut wa mtaa wameanza kujali meno yao. Lakini kuna stori haipigwangi kwa base, ya kile kinaendelea nyuma ya hizo waya, pale jino linaingia kwa ufizi. Msee anapiga mswaki, anatema, anaona mate yamekuwa mekundu, anashtuka. Kuanzia hiyo siku anapita hapo kama hajaona, ati asijiumize. Maze, hiyo ndio noma yenyewe.

Cheki vile inaendanga. Mdomo wa binadamu unaweza kubeba aina zaidi ya 700 za bakteria, na wengi wao ni majirani tu, hawakudai kitu. Wanajishikisha kwa jino na kutengeneza utando, ule ulaini mweupe unatoka ukikwaruza jino na ukucha asubuhi. Kwa jino halina waya, ulimi, shavu na mate vinapangusa sehemu ya huo utando. Sasa daktari akigandisha kile kichuma kwa jino, apitishe waya na aifunge na raba, kila kona ya hicho kichuma inakuwa steji mpya: bakteria wanashuka, wanajipanga, na hakuna kanjo wa kuwafukuza. Zile raba za rangi, zenye kila mtu anapenda, hushika utando mob kushinda vifungo vya chuma.

Wa kwanza kunenepa ni Streptococcus mutans. Huyu anakula sukari na kutoa asidi. Asidi ikishusha pH ya utando chini ya kama 5.5, jino linaanza kupoteza madini yake, na unabaki na madoa meupe kama chaki yamezunguka pale kichuma kilikuwa. Hayo madoa yanaweza kutokea ndani ya mwezi moja tu. Mwaka wa 1982, Gorelick na wenzake Marekani walicheki wasee wamemaliza breisi, wakapata karibu nusu yao wana doa angalau kwa jino moja. Imagini umelipa laki, meno yamenyooka fiti, halafu yana mabaka.

Kwa ufizi ni wasee wengine. Utando ukizeeka na kuwa mnene, hewa haifiki chini, na wale hawapendi oksijeni wanachukua plot: Fusobacterium, Prevotella intermedia, na yule mbaya zaidi, Porphyromonas gingivalis. Mwili unajibu kwa kutuma damu mob hapo. Ufizi unavimba, unang'aa wekundu, wakati mwingine unapanda hadi unafunika nusu ya kichuma. Ukiwa tineja, homoni zinaongeza moto. Kwa hivyo ile damu unaona haimaanishi mswaki umekukata. Mara nyingi ni ufizi unapigana na utando umeachwa hapo kitambo.

Na hii si maneno ya mtaa. Mwaka wa 1965, Harald Løe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichukua watu 12 wenye ufizi safi wakawaambia waache kupiga mswaki. Wote 12 walipata ufizi wa kuvimba, wa kwanza ndani ya siku 10 hivi, wa mwisho kama wiki tatu. Halafu wakaambiwa warudie kusafisha, na kama wiki moja baadaye ufizi ulikuwa umerudi poa. Me hiyo ndio part inanipa moyo. Ukiirudia ile sehemu inatoka damu, pole pole lakini kila siku, mara nyingi inaacha. Ukiihepa miezi na miaka, ugonjwa unaweza kushuka hadi kwa mfupa unashikilia jino, na mfupa ukiisha haurudi wenyewe. Kama umesafisha fiti wiki mbili na damu bado iko, daktari wako anafaa kuona.

Kitu kingine ni vile tunakula. Shida si mandazi moja na chai. Shida ni kunyonya soda tangu saa nane hadi jioni, ama kukaa na jaba, bigijii na kitu tamu masaa mangapi, sababu kila ukionja sukari asidi inarudi, mate hayapati nafasi ya kurekebisha. Na bigijii na waya haziendani hata kidogo.

Halafu zile breisi za stayli, za kuagiza kwa simu na kujigandishia na gundi kwa keja. Tafadhali, hapana. Thailand walizipiga marufuku. Unajipea steji zote za bakteria na hakuna jino linanyooka.

Kusafisha yenyewe inataka subira. Mswaki laini, ulale kidogo uangalie ufizi, upite juu ya waya, kisha ugeuze upite chini. Kale kabrashi kadogo ka kuingia chini ya waya, kati ya kichuma na kichuma, ndiko kanafanya kazi mswaki haiwezi. Mti wa mswaki wanauza Eastleigh ni dawa poa ya kale, lakini nyuma ya waya haufiki, so utumie na hivyo vingine, usiutegemee pekee. Na usiende kununua dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ukaitumia miezi, itakupaka meno rangi ya chai.

Dawa ya meno nayo ina stori imenifanya niheshimu watu wa mbali. Kuna floraidi imeshikana na bati, bati hii ya kuchimbwa. Joseph Muhler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana waliifanyia kazi, na dawa ya meno ya Crest ikaingia sokoni nayo kote Marekani mwaka wa 1956. Floraidi inakaza jino, bati inawabana bakteria na kupunguza uvimbe wa ufizi. Sasa cheki ramani. Huko Kongo, mkoa wa Tanganyika, kampuni ya Géomines ilichimba bati Manono, na miaka ya 1930 ikajengwa stesheni ya umeme ya Piana-Mwanga kwa mto Luvua ndio ipeleke stima kwa hiyo migodi. Hadi leo mayut wa Manono wanachimba mawe ya bati kwa mikono. Shirika la Afya Duniani linahesabu kama madaktari wa meno 3 kwa kila watu 100,000 kwa ukanda wa Afrika, na ukitoka miji mikubwa ujue wanapungua zaidi. Msee anatoa bati kwa ardhi, na kliniki ya kumcheki ufizi iko mbali naye kushinda mgodi. Hiyo inaniuma.

Ukienda duka, geuza tyubu usome nyuma. Ukipata imeandikwa stannous fluoride, hiyo ndio ya bati. Ukikosa, ya floraidi ya kawaida, 1000 hadi 1500 ppm, inatosha kabisa. Ukimaliza kupiga mswaki usiku, tema tu, usisuuze na maji, ndio floraidi ibaki kwa jino ukidoze.