Kompyuta moja, seva tatu: Pima mtambo kabla ya kutoa pesa

Na Mwandishi Wetu

Mnunuzi wa mchele hachukui gunia kwa kutazama mshono wake. Huchoma bambo, hutoa punje chache na kuzitazama, ndipo hutaja bei. Lakini mfanyabiashara huyo huyo akifika kwenye mitambo ya kompyuta, mara nyingi hununua kwanza na kupima baadaye. Kwa kuwa mitambo mingi na huduma za seva za kukodi hutozwa kwa dola ilhali mauzo yake ni ya shilingi, kosa hilo humgharimu mara mbili.

Suala hili linawahusu zaidi wale wanaoshauriwa kuachana na seva moja na kuingia kwenye klasta. Klasta ni kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja kana kwamba ni moja. Duka la jumla, SACCOS au wakala wa mabasi anayetegemea seva moja hulazimika kusimamisha kazi siku seva hiyo inapokufa. Seva zikiwa tatu na zimeunganishwa sawasawa, moja ikianguka zilizobaki huendelea kuhudumia wateja. Programu inayovuma kwa kazi hiyo ni Kubernetes, ambayo Google iliitoa kwa umma mwaka 2014.

Muuzaji atakuambia kwamba mfumo wake hauwezi kuanguka. Usimkatalie wala usimwamini. Mwambie akuonyeshe kwenye kompyuta moja ya ofisini, kwa kutumia mashine pepe.

Mashine ndani ya mashine

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Hugawiwa fungu la kumbukumbu, fungu la prosesa na fungu la diski, kisha huwashwa na kuzimwa kama kompyuta nyingine yoyote. Kampuni ya VMware ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilianza kuuza programu ya kuendesha mashine hizo kwenye kompyuta za mezani mwaka 1999. Leo zipo pia VirtualBox ya kampuni ya Oracle, na KVM ambayo imo ndani ya Linux tangu mwaka 2007.

Hesabu yake si ngumu. Maelekezo ya Kubernetes yanataka walau gigabaiti 2 za kumbukumbu kwa kila mashine, na prosesa 2 kwa mashine inayosimamia nyingine. Mashine tatu zitachukua gigabaiti 6. Kompyuta yenye gigabaiti 8 itaelemewa, kwani nayo ina mahitaji yake. Yenye gigabaiti 16 inatosha, na huenda tayari ipo mezani kwa mhasibu wako.

Wengi huuliza kwa nini tatu na si mbili. Sababu ni kwamba mashine zinazosimamia klasta hupitisha uamuzi kwa kura ya wengi. Zikiwa mbili na mawasiliano yakakatika, hakuna yenye wingi, na kazi husimama. Zikiwa tatu, klasta huvumilia kupotea kwa moja. Zikiwa tano, huvumilia kupotea kwa mbili. Zikiwa nne huvumilia moja tu, sawa na tatu. Anayekuuzia seva ya nne kwa kazi ya usimamizi anakuuzia pesa iliyolala.

Penye kukwama

Mafundi wengi hukwama mahali patatu, na ni vizuri mwenye pesa apajue ili asilipie siku za kazi zisizo za lazima.

Kwanza ni anwani za mtandao. VirtualBox, ikiachwa ilivyo, huipa kila mashine anwani ile ile, 10.0.2.15. Mashine zote tatu zikijitambulisha kwa anwani moja, klasta haiwezi kuunganika. Dawa ni kuongeza njia ya pili ya mtandao, ya ndani kwa ndani, na kuipa kila mashine anwani yake, kwa mfano 192.168.56.11, 12 na 13.

Pili ni kunakili. Fundi mwenye haraka hutengeneza mashine moja kisha hutoa nakala mbili. Nakala hizo zisipobadilishwa namba za utambulisho, hugongana kama magari mawili yenye namba moja ya usajili.

Tatu ni matumizi ya diski kama kumbukumbu ya ziada. Kubernetes kwa kawaida hukataa kuanza ikikuta hali hiyo imewashwa, kwa hiyo huzimwa mapema.

Kazi yote hii inaweza kuandikwa katika faili moja kwa kutumia programu ya Vagrant, iliyoanza mwaka 2010. Amri moja huinua mashine zote tatu, na nyingine huzifuta. Kwa mfanyabiashara faida yake ni kubwa: ujuzi unabaki kwenye faili, si kichwani mwa fundi. Fundi akihama, anayemfuata huanzia pale mwenzake alipoishia.

Jaribio lenyewe

Klasta ikishasimama, mwambie muuzaji aingize mauzo ya majaribio, kisha mashine moja izimwe ghafla bila kuagwa. Shika saa. Hesabu sekunde mpaka huduma irudi, na hesabu kama kila oda iliyoingia bado ipo. Halafu ikatwe njia ya mtandao ya mashine moja huku ikiendelea kuwaka, maana hitilafu ya aina hiyo ndiyo huzaa hesabu mbili zisizolingana. Mwisho, futa mashine zote na umtake arudishe data kutoka kwenye nakala ya akiba. Asiyeweza kuirudisha mbele yako mchana hataweza usiku wa manane.

Hata hivyo, jaribio hili lina mipaka. Mashine zote tatu zinatumia diski moja na waya mmoja wa umeme, kwa hiyo kasi utakayoiona si kasi ya seva halisi, na umeme ukikatika zote huzimika pamoja. Mashine pepe hupima kama mfumo umepangwa vizuri. Hazipimi uimara wa vifaa wala wa jenereta.

Cha bure nacho kina masharti

Wawekezaji wadogo nao wana la kujifunza hapa. EMC ilikubali kuinunua VMware kwa takriban dola milioni 635 mwishoni mwa mwaka 2003. Mei 2022 Broadcom ilitangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 61, na mpango ukakamilika Novemba 2023. Mwezi uliofuata kampuni iliacha kuuza leseni za kudumu na kuwataka wateja walipe kwa vipindi. Kampuni ya simu ya AT&T ilifungua kesi mwaka 2024 ikidai haki zake za mkataba wa zamani, na pande hizo mbili zikapatana mwaka huo huo. Katika mwaka huo pia, programu ya mezani ya VMware Workstation Pro ilifanywa ya bure, kwanza kwa watu binafsi na kuanzia Novemba kwa wafanyabiashara pia.

VirtualBox yenyewe ni ya bure, lakini kifurushi chake cha nyongeza ni bure kwa matumizi kama ya binafsi na majaribio ya tathmini. Matumizi ya kibiashara yanahitaji leseni ya kulipia. Ofisi inayokipakua bila kusoma masharti inajitafutia deni.

Kampuni inayomiliki Vagrant, HashiCorp, ilibadili leseni za programu zake Agosti 2023 na kuzuia baadhi ya matumizi ya kibiashara ya washindani wake. Hisa zake ziliuzwa kwa umma Desemba 2021 kwa dola 80 kila moja. IBM ilipoinunua, kwa mpango uliotangazwa Aprili 2024 na kukamilika Februari 2025, ililipa dola 35 kwa hisa. Aliyenunua siku ya kwanza na kushikilia mpaka mwisho alipoteza dola 45 kwa kila hisa, zaidi ya nusu ya mtaji wake, ingawa bidhaa za kampuni hiyo zilipendwa na mafundi duniani kote. Bidhaa nzuri si lazima iwe hisa nzuri, hasa inaponunuliwa wakati soko limepamba moto.

Kwa mfanyabiashara anayekaribia kutia saini, mambo manne yaingie kwenye mkataba: jaribio la kuangusha mashine mbele ya mnunuzi, jaribio la kurudisha data, orodha ya leseni zote na masharti yake, na faili ya usanidi kuwa mali ya mnunuzi. Malipo ya mwisho yafuate baada ya hapo. Muuzaji anayeujua mfumo wake hatasita kuyakubali, kwani kazi ya majaribio ni ya siku chache na kompyuta moja inatosha.